Baiskeli Juu ya Ukingo wa Mfereji

Pale Same, enzi za Mwingereza, watu waliisikia kengele ya baiskeli ya Eliamini kabla hawajamwona mwenyewe. Alikuwa tarishi wa boma. Barua za kwenda kwa majumbe, kwa walimu wa misheni na kwa makarani wa mashamba ya mkonge zilipita kwenye mfuko wake wa turubai, na mkanda wa mfuko huo ulikuwa umemchora alama begani isiyotoka hata alipooga. Alikuwa mrefu, mkimya, vigimbi vimekaza kama mafundo ya mti. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu wilayani aliyekanyaga pedali maili nyingi kama yeye.

Kwao hasa ni Shighatini, juu Ugweno. Alizaliwa wa nne katika wana watano, na shamba la baba yao lilipokwisha kugawanywa, fungu lake lilikuwa la kusimama, si la kulima. Alipomwoa Zipora, binti wa mzee Naftali wa Kighare, mzee yule alimkatia kipande cha shamba chini ya mfereji, chenye migomba yake na kahawa kidogo. Ilikuwa hisani kubwa, na kama hisani nyingi ilikuwa na mwiba ndani. Watu walipokaa kwenye dengelua, ile pombe yao ya miwa, na ulimi ukalegea, walisema, "Eliamini hakuoa, ameolewa."

Kulikuwa na jambo jingine pia. Siku za mbiru, ile kodi mpya ya serikali, watu wa milimani walipoteremka kwa maelfu kukaa Same kuipinga kodi ile, Eliamini alikuwa ndani ya uzio wa boma akibeba barua, si nje pamoja nao. Hakuna aliyemtukana kwa hilo. Lakini alipoingia mahali penye mazungumzo, mazungumzo yalibadilika, yakageuka kuwa ya mvua na ng'ombe.

Kwa hiyo nyumba yake ilikuwa Kighare na kazi yake Same, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na karibu maili arobaini. Jumamosi adhuhuri, boma likifungwa, alipanda baiskeli. Alipita mchanga wa barabara kuu, kisha mashamba ya mkonge upande wa Kisangara, kisha ule mlima wa mawe ambao baiskeli haimpandishi mtu, mtu ndiye huipandisha. Alifika jua limekwisha kuzama. Jumapili alikwenda kanisani na mkewe na watoto wao watatu, akala, akateremka. Zipora alikuwa akisema kwamba ameuzoea mgongo wa mumewe kuliko uso wake. Alilisema kwa kucheka, ila lilikuwa neno la kweli.

Mwaka 1952 wilaya ilipata Bwana Misitu mpya. Watu walimwita Bwana Majani, kwa kuwa hakuweza kupita penye mti bila kuchuma jani na kulibana kati ya kurasa za daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alijua Kiswahili cha kutosha, alisalimia watu wazima kwa adabu, na kila alipokwenda kwenye msitu wa serikali ulio juu ya Kighare alirudi na uso wa mtu aliyetoka harusini. Ndani ya msitu huo alikata njia ya miguu. Njia yenyewe haikuwa ya kwenda popote: ilizunguka katikati ya miti mikubwa, penye mbega na ndege, ikarudi pale pale ilipoanzia, na kila mti wa maana ulipigiliwa kibao chenye jina lake. Wazee wa Kighare waliposikia walitazamana. Njia isiyofika mahali ni njia gani?

Bwana Majani alitaka wageni waje kuiona. Huko Tanga palikuwa na chama cha Wazungu vijana waliopenda safari ndefu za baiskeli. Wangekuja kwa treni hadi Same, wapande baiskeli mpaka msituni, watembee kwenye njia ile, kisha warudi. Kikwazo kilikuwa barabara. Siku moja alimwita Eliamini ofisini.

"Eliamini, wewe unakwenda juu kila Jumamosi. Barabara ni mbaya?"

"Mbaya sana, bwana. Chini mchanga, juu mawe."

"Hakuna nyingine?"

"Ipo njia ya punda, bwana, ila sijaipima kwa baiskeli."

"Basi pima. Nitakuombea ruhusa ya siku tatu kila wiki, mwezi mzima. Nitafutie njia nzuri ya baiskeli kutoka hapa mpaka pale msitu unapoanza." Aliuchezea unyasi uliokuwa mezani. "Njia ikipatikana itahitaji mlinzi. Mtu wa kuifyeka na kupokea wageni. Nitamwomba Bwana Shauri wa wilaya anipe wewe."

Eliamini aliweka kofia yake mezani. "Mlinzi huyo atakaa wapi, bwana?"

"Kighare. Wapi tena?"

Alitoka mle ofisini akasahau kofia yake mezani, ikabidi arudi kuichukua.

Wiki ya kwanza alijaribu upande wa nyika, mashariki ya milima, akiamini kwamba tambarare ndefu ni bora kuliko mlima mfupi. Mbigili zilimfundisha adabu. Siku ya kwanza alibandika viraka saba. Siku ya pili gundi iliisha, akaujaza mpira nyasi kavu na kuendelea hivyo hivyo, baiskeli ikiyumba kama mlevi. Makorongo yalikuwa na mchanga wa kuzamisha gurudumu nusu. Kinyesi cha tembo kilikuwa bado kinafuka moshi njiani. Alirudi Same kwa miguu akiisukuma, midomo imepasuka, na katika daftari lake akaandika neno moja tu: haifai.

Wiki ya pili aliiacha barabara kuu kabla ya Kisangara akafuata ile njia ya punda. Ilimpendeza. Ilipanda polepole kwenye miguu ya mlima, udongo wake mwekundu na mgumu, ikamfikisha kwenye mashamba ya chini ya Kighare bila kushuka hata mara moja. Lakini hapo ikageuka ngazi ya mawe. Msitu ulikuwa juu pale, unaonekana, na kati yake na yeye palisimama ukuta wa mlima. Akaitia baiskeli begani akapanda.

Zipora alikuwa uani akipepeta maharage. Alimtazama akija, jasho limemlowesha, chuma kimemchubua shingo.

"Kumbe siku hizi baiskeli ndiyo inapanda mtu," alisema. Kisha akaiona damu, akaweka ungo chini, akaenda kuleta maji ya uvuguvugu.

Alipokuwa akimwosha kidonda, Eliamini alimweleza ile habari ya ulinzi. Mkono wa Zipora ulisimama.

"Ukae hapa? Kila siku?"

"Kila siku."

Zipora alikwenda jikoni akainama kupuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Njia aliiona wiki ya tatu, alipokuwa ameketi juu ya jiwe pale chini ya ukuta wa mlima, amekata tamaa, anakula ndizi ya kuchoma. Mbele yake, kwenye ubavu wa mlima, mstari wa kijani ulipita sawasawa kama uliochorwa kwa rula. Ulizunguka kilima kimoja, ukaingia bondeni, ukatokea kwenye kilima cha pili, haupandi wala haushuki kwa jicho la mtu. Alikuwa akiuona mstari ule tangu siku za uchumba. Ulikuwa mfereji.

Mfereji wa Kighare ulichimbwa na babu za babu zao. Ulianzia kwenye kijito, pale pale msitu unapoanza, ukayabeba maji kuzunguka milima hadi kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe lililo juu ya mashamba. Maji yalikusanywa humo usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Mzee Naftali ndiye aliyeshika zamu hizo, kama baba yake kabla yake. Yeye ndiye aliyepiga pembe kuita watu mfereji ulipohitaji mikono. Na sheria ya ukingo ilikuwa fupi: mbuzi asipite, ng'ombe asipite, mtu apite miguu mitupu. Kuna mahali paitwapo Mwambani ambapo mlima ni jiwe tupu lililosimama wima. Hapo wazee wa zamani waliutundika mfereji kwa kupanga mawe, kisha wakapanda mikuyu. Mizizi ya mikuyu ile iliyashika mawe kama vidole, na mpaka siku zile ilikuwa bado imeyashika.

Eliamini alimkuta mkwewe penye ndiva, anaziba tundu la panya kwa udongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

"Bwana Misitu amenituma kupima njia, baba. Naomba nipite ukingoni na baiskeli mpaka kwenye kijito."

Mzee aliitazama baiskeli. Aliugusa mpira kwa kidole chenye tope, akaubonyeza, kama mtu anayekagua paja la mbuzi.

"Miguu ya mtu naijua, haiudhi ukingo," alisema. "Gurudumu silijui. Itapita hii moja tu?"

"Hii moja tu, baba."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Basi vua viatu."

Akavua. Akapanda baiskeli peku, na hapo ndipo Eliamini alipopata furaha ambayo hakuwahi kuipata tena. Maji yalikuwa yanamjia upande wa kushoto, bonde lote liko kulia kwake, na miguu yake haikuhisi mlima. Alizunguka kilima cha kwanza bila kuhema. Mwambani alishuka, akasukuma kwa uangalifu juu ya mizizi, akapanda tena. Wanawake waliokuwa wakipalilia chini walisimama kumtazama mtu anayepita angani kwa magurudumu, na mmoja akapiga kigelegele. Alipofika kwenye kijito hata jasho halikuwa limemtoka. Palikuwa pale pale kibao cha kwanza cha Bwana Majani kilipopigiliwa.

Usiku ule aliporudi nyumbani Zipora alimwuliza, "Ulimwambia baba?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba napita mara moja."

"Basi hukumwambia," alisema.

"Nitamwambia. Kwanza Bwana akubali, nijue cha kumwambia."

Siku ya Jumatatu, Same, aliketi na kalamu ya risasi kuandika taarifa yake. Mambo ya njia ya punda yalimtoka haraka. Alipofika kwenye mfereji, kalamu ikasita. Akiandika mfereji, Bwana atamwita mtu wa maji, mtu wa maji atamwita jumbe, jumbe atawaita wazee, na shauri litakaa mwaka mzima, na mwaka mzima ni Jumamosi hamsini na mbili. Akaandika: Kutoka hapo ipo njia ya wenyeji, ya zamani, tambarare, inafika msituni. Akaisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo ndani yake hata kidogo. Akampa karani aipige chapa.

Bwana Majani alifurahi mpaka akampa mkono.

"Njia hii, bwana," Eliamini alianza, "ukingo wake ni wa kupita polepole. Watu wachache."

"Wachache, ndiyo. Vizuri, vizuri sana," alisema Bwana, naye tayari alikuwa anatafuta ramani.

Zikapita wiki sita. Siku moja mfuko wake ulikuwa na bahasha ya jumbe wa Kighare, imefungwa kwa lakiri. Eliamini aliipeleka kama alivyopeleka bahasha zote, akapokea sahihi, akalala nyumbani kwake kwa raha, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi na safari ya kazi ilimkutanisha na mkewe. Hakujua alichobeba. Siku ya nne walifika vibarua ishirini na msimamizi wao, wana sururu na mashoka, na barua ile mkononi mwa jumbe iliwaruhusu kuipanua njia ya wenyeji hadi futi nne.

Habari za siku ile alizipata kwa Melkizedeki, ndugu yake Zipora. Mzee Naftali alisimama katikati ya ukingo akaeneza mikono. Msimamizi, mtu wa mbali asiyejua Kipare, alimwonyesha karatasi. Mzee akasema karatasi hainywi maji. Jumbe akamshika mkono taratibu akamwondoa, kwa kuwa aliogopa boma na alimheshimu mzee, na vyote viwili vilimtaka afanye vile. Vibarua wakachimba. Waliukata ukingo upande wa mlima, wakatupa udongo upande wa bonde, wakaufanya uwe mpana na laini kama sakafu. Walipofika Mwambani, mizizi ya mikuyu ilikuwa imetokeza juu, gurudumu lingejikwaa. Waliikata yote kwa shoka.

"Baba aliuliza nani aliyemwonyesha Mzungu," Melkizedeki alisema, akitazama pembeni. "Tukanyamaza. Akasema, hapana, msiniambie."

Jumamosi hiyo Eliamini alikwenda kwa mkwewe kabla hajafika kwake. Alimkuta ameketi mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alingoja. Mzee alikuwa anatazama mlima. Eliamini alifungua kinywa kueleza, kwamba hakujua, kwamba alisema wachache, kwamba angepata kazi karibu, lakini kila neno lililofika mdomoni lilikuwa lake mwenyewe, halikumhusu mzee hata moja. Akasimama vile mpaka kusimama kukawa aibu, akaondoka. Tangu siku hiyo mpaka mwisho, mzee Naftali hakumnyima salamu hata mara moja. Zaidi ya salamu hakumpa neno.

Wageni walikuja mwezi wa Septemba, kiangazi. Walikuwa wanne. Walipanda njia ya punda wakiimba, wakapita ukingoni wakisifu, wakatembea msituni nusu siku, wakala mikate yao chini ya mti wenye kibao, wakarudi. Mmoja alimpigia kengele mzee Naftali kwa heshima. Hawakuja tena, wala hakuja mwingine. Walisema, kama karani alivyosimulia baadaye, kwamba ni pazuri mno lakini ni mbali.

Masika ikaingia. Mvua ya siku ya tatu iliupasua ukingo mahali pawili, kwenye ule udongo mpya usio na nyasi. Mzee alipiga pembe, watu wakatoka, wakaziba. Mvua ikarudi, ukapasuka mahali patatu, wakaziba tena. Kisha asubuhi moja ulisikika mngurumo kutoka Mwambani, na waliokuwa karibu waliona mawe ya babu zao yakiondoka moja moja, halafu yote pamoja, na mikuyu miwili nyuma yake, mpaka chini korongoni. Jiwe la mlima lilibaki limesimama wima, safi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Mvua ilipokatika, ndiva ilikauka ndani ya siku tano.

Walijaribu. Hili lazima lisemwe, maana si watu wa kukaa na kulia. Walichonga mitaro ya magogo ya migomba, ikaoza. Walileta mafundi wa mawe kutoka upande wa pili wa mlima, wakatikisa vichwa: mawe yanapangika, lakini kitu cha kuyashika kinahitaji miaka arobaini kuota. Mwaka huo maharage ya kiangazi hayakupandwa. Mwaka uliofuata kahawa za chini zilianza kudondosha majani.

Eliamini alikwenda bomani. Hakwenda kama tarishi; alivaa koti lake la kanisani akangoja kwenye benchi kama watu wengine. Bwana Majani alikuwa amehamishwa kusini. Mrithi wake alikuwa kijana mwenye haraka, akamsikiliza kwa msaada wa karani, akalifungua jalada.

"Taarifa ni yako?"

"Ni yangu, bwana."

"Inasema njia ya wenyeji. Mfereji haumo."

"Haumo, bwana. Lakini upo."

"Katika jalada haumo," alisema yule kijana, bila ukali, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Idara ya Misitu ilitengeneza njia. Njia imeharibika kwa mvua. Hatuna mpango wa kuitengeneza tena."

"Na ulinzi, bwana?" Eliamini alijisikia akiuliza, na alipolisikia swali hilo likitoka kinywani mwake alitamani sakafu immeze.

"Ulinzi wa nini?"

Eliamini aliaga. Akaondoka. Kesho yake asubuhi alikuwa kazini, mfuko begani.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alipofika Kighare hakwenda nyumbani kwanza. Alichukua jembe na mtaimbo akaenda Mwambani. Alipanga mawe. Alipanda vipande vya mkuyu kwenye nyufa, akavifunika kwa samadi aliyoibeba kwa kikapu. Hakuna kilichoshika. Vipande vilikauka kimoja kimoja, kwa kuwa maji ya kuvishikisha ndiyo hayo hayo yaliyokosekana. Mara moja, baada ya miezi, alifanikiwa kuyavusha maji kiasi cha upana wa kiganja. Yalipita kwa robo saa. Alikuwa amepiga magoti anayatazama, ndipo jiwe la chini likateleza, na kazi ya miezi ikaenda zake.

Watu walipita njia ya juu wakitoka kuteka maji kwenye kijito, madebe kichwani. Hawakumcheka. Hata hilo lingekuwa afadhali. Siku moja Melkizedeki alishuka akasimama karibu yake.

"Shemeji, acha."

"Nikiacha nani atafanya?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakwambia acha. Tunapita hapa tunaona haya kukutazama. Tungekuwa na hasira nawe ingekwisha. Sasa tunakuonea huruma, na huruma nayo inatuchosha."

Eliamini aliendelea kupanga mawe mpaka jua likaingia, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi.

Mwaka wa tatu Zipora aliwakusanya watoto, akafunga vyombo, akateremka Same. Hapakuwa na ugomvi. Shamba lilikuwa limekwisha, na kuishi chini ya jicho la baba yake kulimshinda. Walipanga chumba karibu na stesheni, chumba chenye joto la kuchemsha mayai, vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Kila jioni mumewe alirudi, akaketi, akala. Walikuwa pamoja siku zote saba za juma. Zipora alimtumikia vizuri, na wakati mwingine, akifua kanga kwenye beseni la maji ya kununua, alisita, akayatazama yale maji machafu kabla ya kuyamwaga, akayamwagia mche wa mpapai uani. Mche wenyewe haukukua.

Mzee Naftali alifariki mwaka 1956. Walisema hakuugua. Alikuwa ameendelea kwenda penye ndiva kila alfajiri, saa ile ya kufungua, akasimama penye kizibo, akarudi, na siku moja hakuamka kwenda. Eliamini alipanda mlima kuzika. Walimpa koleo zamu yake ilipofika, kama mkwe yeyote, naye akafukia. Alikuwa amejiandaa kunyimwa. Kwa kuwa hakunyimwa, hakupata pa kuliweka lile alilojiandaa nalo, akarudi nalo Same.

Nyumba za mashamba ya chini zilikuwa zimeanza kufungwa kabla ya hapo. Wa kwanza kuondoka alikuwa Eliakunda, mjane aliyekuwa na shamba mwisho kabisa wa mfereji, pale ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Aliteremka kwenye mkonge pamoja na binti yake. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, halafu kwa familia.

Miaka miwili baada ya maziko, Eliamini alipeleka bahasha kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kisangara. Alipokuwa akingoja sahihi, wanawake walikuwa wanaanika nyuzi kwenye kamba ndefu, nyeupe mpaka macho yanauma. Mmoja aliinua kichwa. Alikuwa amekonda, mikono imejaa makovu ya utomvu.

"Shikamoo, mama Eliakunda."

"Marahaba, mwanangu. Zipora hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Wazima. Mkubwa yuko shuleni."

"Tunamshukuru Mungu." Alichukua fungu jingine la nyuzi akalitikisa. "Huko juu unakwenda?"

"Siku hizi mara chache."

"Nyumba yangu bado imesimama?"

Eliamini alikuwa ameiona mwezi uliopita. Paa lilikuwa limeingia ndani, na mgomba ulikuwa umetokezea katikati, mkavu.

"Imesimama, mama," alisema.

Eliakunda alimtazama, akaelewa, akamsamehe uongo huo kwa kuinamisha kichwa. "Ukipita," alisema, "usinisalimie mtu. Wataniuliza narudi lini."

Msimamizi alimwita, akarudi kwenye mstari wake. Karani alitoka na daftari lililotiwa sahihi. Eliamini alilitia kwenye mfuko, akaishika baiskeli. Zilikuwa zimebaki barua mbili za Lembeni, na jua lilikuwa bado kali.